Mchoraji wa Dunga aliyetoka abstrakti: chukua zenye maji, achana na zenye watu

Kama unatafuta picha ya ziwa ya kuweka ukutani na umechoka na zile za jua jekundu duara na mvuvi mweusi amesimama kwa boti, zile zimejaa kila hoteli kutoka Kisumu mpaka Nairobi, basi ukiwa Kisumu panda tuktuk ufuate barabara ya Dunga umtafute huyu jamaa. Kabla hujafika ufuoni kabisa kuna kibanda cha mabati kimepakwa kijani, ndani picha zimeegemezwa ukutani zimekupa mgongo. Jina simtaji maana hata kibao cha biashara hana na sijamuuliza kama anataka kutajwa, lakini ukiuliza wauza samaki hapo "mchoraji yuko wapi" watakuonyesha. Mimi nina nyumba ndogo ya wageni upande wa Riat, vyumba vichache tu, na nimekuwa nikinunua kwake tangu enzi zile alikuwa anachora vitu hakuna mtu alikuwa anaelewa.

Huyu alianzia huko, abstrakti tupu. Kanvasi kubwa, rangi imepakwa kwa kisu mpaka imekuwa nene unaweza kuikwaruza na kucha, mraba wa kijivu hapa, mstari wa njano pale, mti hakuna, mtu hakuna, na picha zenyewe hazikuwa na majina, ni namba tu. Ninayo moja sebuleni. Wageni karibu wote wanauliza swali lile lile, "mama hii nayo ni nini", na kuna mzee mmoja wa Bondo aliitoa kwa msumari akaigeuza juu chini akaniambia sasa iko sawa. Niliiacha hivyo kwa muda na wacha niseme ukweli, tofauti sikuiona.

Siku hizi amehamia ufuoni. Boti zimevutwa nchi kavu, nyavu zimeanikwa omena (dagaa), mafunjo, gugumaji, akina mama wa samaki. Na maneno yameanza, ati ameuza roho, ati anafuata pesa za watalii na watu wa Nairobi wa wikendi, na rafiki yangu mmoja mwenye anajua sanaa kuniliko (anasema yeye) aliniambia jamaa amerudi darasa la kwanza. Mimi nakataa kabisa. Kwanza kutafuta pesa si dhambi, kanvasi hainunuliwi kwa makofi. Pili hii safari si yeye wa kwanza kuifanya.

Kwa meza yake kuna kitabu kikubwa cha picha kimejaa madoa ya rangi, cha Nicolas de Staël, mchoraji aliyezaliwa Urusi mwaka 1914 akaishia Ufaransa. Huyo naye alijulikana kwa abstrakti, rangi nene nene, halafu Machi 1952 akaenda kuangalia mechi ya usiku pale Paris, Ufaransa na Uswidi, uwanja wa Parc des Princes, akatoka hapo kichwa kimewaka akaanza kuchora wachezaji mpira, moja ya hizo picha ni mita mbili kwa tatu na nusu. Watu wa abstrakti wakamwona msaliti. Yeye akasonga mbele, akachora pwani ya Normandy, 1953 akaenda Sicily akarudi na anga za zambarau na nyekundu, na Septemba 1954 akahamia Antibes, studio inatazama bahari, akawa anachora boti, ngome ya pale, ndege wa baharini, na ile rangi yake nene ikazidi kuwa nyepesi, imechanganywa karibu iwe maji. Alijiua huko huko Antibes Machi 1955, akiwa na miaka 41. Ile picha kubwa ya mpira iliuzwa Paris mwaka 2019 kwa euro milioni 20. Nikamuuliza huyu wetu, kwani wewe huwezi kuchora mechi ya Gor Mahia, timu yetu ya mpira? Akacheka, "Mathe, watu watakuja hapa kuniuliza huyo ni namba ngapi na mbona nimemnyima mpira."

Nimeleta hiyo stori maana ukifungua zile kurasa za Antibes halafu uangalie kazi za Dunga unaona ile miaka ya miraba na mistari haikupotea bure. Chukua hii niliyonunua juzi, sentimita 60 kwa 90, gugumaji asubuhi. Karibu nusu ya kanvasi ni kijani moja tu, imelala tambarare, imekatwa kwa kisu, hakuna jani limechorwa hata moja, wala lile ua la zambarau kila mtu huwa anaweka. Na bado ukisimama mlangoni unajua ni gugumaji, tena unajua upepo umelileta usiku na huenda mchana likawa limeshaondoka, kwa sababu ukingo wa kushoto ameuacha umechanikachanika, na hapo chini ya kijani rangi ya chungwa aliyopaka kwanza inachungulia, upana wa njiti ya kiberiti. Nimeiangalia hiyo chungwa sana. Ukiiziba na kidole picha yote inalala.

Halafu maji yenyewe si bluu, na hapo ndipo nilitoa pesa. Sisi wa hapa tunajua ghuba ya Winam, huu mkono wa Ziwa Victoria, ni kahawia inayovuta kijani, na mawingu yakija alasiri inageuka kijivu kizito, lakini wachoraji wengi wanachukua bluu ya Diani wanabandika boti ya Dunga juu yake. Huyu maji yake ameyapaka mepesi unaona mpaka nyuzi za kitambaa, halafu boti moja ameitia rangi nene imetokeza. Yaani ametumia mikono yake miwili ya zamani na ya sasa kwa picha moja.

Ingine ninayo ya taa za omena usiku. Nyeusi yenye bluu ndani yake na vidoa vya njano vimejipanga mstari usionyooka, basi. Mtu wa mbali ataona vidoa. Mgeni wangu mmoja wa Usenge alisimama mbele yake na kikombe cha chai akaanza kuhesabu boti, halafu akaniambia hapa hakuna mwezi, maana mwezi ukijaa omena haifuati taa. Hakuuliza ni nini.

Sasa watu. Watu hawezi, bado. Ile ya mama muuza mbuta (sangara), ambayo ndio anaipenda sana na ndio bei ghali, vidole vimeshikana, shingo imepotea, na karai kichwani linaelea tu, halijagusa kitambaa alichojifunga kichwani. Kwa maji anapiga kisu bila kuomba ruhusa, akifika kwa sura anachukua burashi ndogo anaanza kuogopa, anafuta anarudia mpaka kanvasi inakauka hapo imekuwa gamba. De Staël wachezaji wake hawana macho wala pua na hakuna anayelia, nikamwambia hivyo, akasema wateja wanataka sura. Haya.

Huduma ni ya kawaida ya fundi, mnajua. Ukiweka oda anataka nusu ya pesa kwanza, risiti hakuna, ila meseji ya M-Pesa si unayo, na tarehe anayokupa usipangie nayo sherehe. Oda yangu ilichelewa sana, na sababu moja ilikuwa ya kweli: nilitaka nyavu za omena zimeanikwa na ilikuwa ile miezi ya Aprili mpaka Julai uvuvi wa omena umefungwa, ufuo hauna kitu cha kuangalia, naye hataki kuchora kutoka kwa picha ya simu. Hiyo nilimsamehea. Ile wiki ya mazishi na ile ingine ya mazishi sijui.

Fremu usikubali kabisa. Anatumia mbao laini haijakauka vizuri, mvua za jioni zikianza kona zinaachana na picha inajikunja. Chukua kanvasi peke yake, angalia nyuma kama imevutwa ikakaza na pini ziko karibu karibu, halafu peleka kwa fundi wa fremu mjini. Na usibebe kwa boda alasiri upepo wa ziwa ukiwa juu, nilijaribu kubeba ile ya 60 kwa 90, ikawa tanga, kidogo tuingie mtaroni mimi na rider. Tuktuk.

Bei, ndogo za 30 kwa 40 anaanzia shilingi 3,500, ile yangu ya gugumaji nililipa 14,000 baada ya kuteremshwa kutoka 17. Ukiwa na haraka ya kununua atajua. Enda asubuhi na umwambie azitoe nje, balbu yake ndani ni ya njano inadanganya kijani zote, na usiangalie zile amepanga mbele tu, hizo ni za wageni, zimejaa watu. Geuza zile za nyuma. Nyuma ya mlango kuna moja ya mafunjo, ndefu nyembamba, mistari tu ya kijani kavu na kipande cha maji huku juu, alikuwa anataka 9,000. Mimi naenda kuichukua mwisho wa mwezi, kwa hivyo ukiitaka wahi, ama tafadhali niachie.