Tepu ya kufunga ekzosi kwa Datsun 240Z, miezi nane sasa

Datsun yangu ni 240Z ya 1972, na mwenye anaijua injini ya L24 anajua shida iko wapi: kabureta na ekzosi ziko upande mmoja. Kabureta mbili zimekaa juu ya moto kabisa kama sufuria kwa jiko. Gari ikitembea upepo unapita, hakuna neno, lakini ukizima tu, feni imesimama, petroli imesimama, joto lote la mabomba linapanda juu na petroli inaanza kuchemka ndani ya kabureta.

Mimi nilijionea siku nimepanda kutoka Mai Mahiu na mamangu, tukasimama Limuru anunue viazi na plamsi. Dakika kumi tu. Kurudi napiga staata, injini inazunguka vizuri lakini haishiki, harufu ya petroli imejaa hadi ndani, nikafungua boneti nikaisikia na masikio yangu, bwu bwu bwu, inachemka. Tulikaa hapo karibu saa nzima. Mama naye tangu bonde alikuwa ameinua miguu akaniambia "mwanangu, hii gari yako inanipika", na ni ukweli, kwa sababu usukani wetu uko kulia na bomba linashukia upande wa abiria. Na huku kwetu juu mambo ni magumu zaidi, Nairobi hata maji yanachemka kwa digrii 94 hivi badala ya 100, sasa petroli je?

Watu huniambia hii gari si ndio ilishinda Safari Rally 1971, na tena 1973 ikiendeshwa na Shekhar Mehta, itasumbuliwaje na joto. Ilishinda, na najivunia sana hiyo historia, lakini gari ya rali haikai saa mbili kwa jam ya Mombasa Road.

Basi nikanunua tepu ya faibaglasi ya kuzungushia mabomba ya ekzosi ili joto libaki ndani, mita 15, upana sentimita 5. Mabomba yangu ni ya chuma cha kukunja, si ile manifoldi ya kiwandani (kipande kimoja cha chuma cha kumimina kinachotoa moshi kwa injini), hiyo singeifunga, naogopa ipasuke. Mabomba tuliyatoa yote tukaweka mezani, tepu tukailoweka kwa ndoo ya maji ndio ilale vizuri, kila mzunguko unapanda juu ya mwenzake kama sentimita moja, na mabomba sita yakiwa yamebanana vile ilituchukua siku nzima. Vaa glavu na shati la mikono mirefu. Mimi nilianza bila na nikajikuna mpaka usiku wa manane. Mwisho wa tepu funga na klipu za stenlesi, usikubali fundi akuwekee waya wa kawaida. Kuwasha mara ya kwanza itatoa moshi mwingi, usishtuke, ila fanya hiyo kazi nje.

Matokeo sasa. Miguuni tofauti ni kubwa sana, mama mwenyewe alivua viatu tukienda Naivasha na hakusema kitu. Lakini kuwaka ikiwa moto, hapo tepu ilinisaidia nusu tu, bado nilikuwa nahangaika nikizima dakika kumi kumi na tano. Chenye kilimaliza hiyo shida ni bati la aluminiamu nililokatiwa na fundi wa masufuria Kamukunji, limekaa kati ya mabomba na kabureta, na tuliacha nafasi ya kidole pande zote hewa ipite, likigusa kabureta halina kazi. Pia paipu ya petroli tuliisogeza mbali na injini. Kabla sikuweza kushika bakuli la kabureta, pale petroli inakaa, hata sekunde mbili, saa hii nalishika na mkono wote.

Kwa hivyo kama pesa ni ya kitu kimoja, anza na bati, tepu ifuate. Na tepu ina ubaya wake, inanyonya maji, ikilowa na gari ilale wiki mbili bila kuwaka chuma kinaoza humo ndani na huoni. Mimi siku hizi nikiosha injini lazima niendeshe hadi ikauke. Mvua za Aprili zikiisha nitaikata kipande kwa bomba la sita, lile la nyuma kabisa, niangalie kutu.