Eti vifuniko ni urembo! Yaliyonikuta na mashine ya kupima mwendo wa risasi

Nina hasira, mnivumilie. Msimu wa uwindaji ulipokaribia nilinunua kronografu kwenye duka moja hapa Arusha mjini, duka lenyewe silitaji. Nilitaka kujua bunduki zetu za .375 (kipenyo cha risasi kwa inchi) zinarusha kwa kasi gani hasa, maana namba ya kwenye boksi la risasi imepimwa kwenye mtutu wa mtengenezaji, si huu wetu wenye miaka yake. Ukiwa mbele ya nyati, namba ya boksi haikusaidii kitu.

Tukaenda kulenga shabaha nje ya mji, jua linawaka, wingu hakuna. Mashine tumeiweka mita nne mbele ya mtutu, ili mlipuko usiitikise, tena imenyooka na njia ya risasi. Betri mpya. Inasoma 612. Inayofuata 941. Inayofuata, kosa. Mita kwa sekunde hizo, boksi moja la risasi! Kwa risasi yenye uzito wa greni 300 (gramu 19 hivi) nilitegemea 770 hivi, na zipishane mita kumi, haya, kumi na tano.

Mashine hizi zina macho mawili yanayotazama juu, yamepishana kama futi moja, na kila jicho linasubiri kivuli cha risasi; muda kati ya vivuli hivyo viwili ndio unaoipa mashine kasi. Futi hiyo risasi inaimaliza kabla hata nusu ya sehemu moja ya elfu ya sekunde haijatimia. Sasa jua likilipiga jicho, au liking'aa kwenye shaba ya risasi, jicho moja linawahi au linachelewa. Sentimita tatu tu za kuchelewa zinakuharibia namba kwa asilimia kumi. Ndiyo maana zinauzwa na vifuniko vyeupe vya plastiki vya kutuliza mwanga. Kwenye boksi langu vijiti vya kuvishikia vilikuwepo. Vifuniko, hola.

Nikarudi dukani. Kijana wa kaunta macho kwenye simu, shikamoo hakuna, na mvi zangu hizi. Nikamweleza. Akajibu bila kuinua kichwa: "Hivyo ni urembo tu mzee. Mashine haina shida. Bunduki yako ndiyo imechoka."

Imechoka! Bunduki ninayoisafisha kwa mikono yangu, inayoweka risasi tatu kwenye kiganja kwa mita mia. Nilimuuliza kama amewahi kuitumia hiyo mashine anayoiuza. Akamgeukia mteja mwingine.

Nyumbani nikachukua dumu jeupe la maji, nikalikata vipande viwili, nikavibana kwenye vile vijiti kwa waya. Shabaha ile ile, jua lile lile: 758, 763, 761. Baadaye ikatupata asubuhi ya mawingu yale yanayoshuka toka Meru, nikavua hata hayo madumu, na namba zikatulia vile vile. Kwa hiyo mashine yenyewe ni nzuri, nisiionee. Ningeipa nyota nne, na nilishaanza kuandika hivyo.

Ila juzi nimepita pale dukani kutafuta mafuta ya bunduki. Vifuniko vinaning'inia ukutani kwenye mfuko wake, vimebandikwa bei. Vinauzwa peke yake! Nikamwambia, "Si ulisema ni urembo?" Akasema, "Ndiyo mzee, ila watu wanavipenda."

Nyota moja.