Vifaa vya kuhudumia injini ya boti: uzoefu wangu katika mwalo wa Katonga, Kigoma

Injini ninazozihudumia katika mwalo wa Katonga, yaani ufukwe boti zinapotia nanga, ni mbili, na zote ni Yamaha Enduro zenye silinda mbili zinazotumia petroli iliyochanganywa na oili. Moja ina nguvu za farasi 40 na husukuma boti ya dagaa. Nyingine ina nguvu za farasi 15 na hutumika kwa safari fupi za kubeba watu na vyombo. Ninaandika kuhusu vifaa vya kuzihudumia kwa sababu wenye boti wengi katika ziwa letu la Tanganyika huuliza bei ya injini, bei ya kabureta na bei ya propela, lakini ni wachache wanaouliza kama spana na bisibisi watakazotumia kuifungua injini hiyo zinaendana nayo. Mimi nimeona bolti nyingi zaidi zikiharibiwa na spana kuliko na maji.

Ratiba ya kazi hii kwetu hupangwa na mwezi. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na usiku wa mbalamwezi taa hazina nguvu ya kuwakusanya, kwa hiyo boti hupumzika, nyavu huanikwa, na mafundi hupata nafasi. Siku hizo ni chache, na kifaa kinachokosekana wakati injini imeshafunguliwa hakiwezi kusubiri basi la kutoka Dar es Salaam. Mwaka 2024, Serikali ilipolifunga Ziwa Tanganyika kwa shughuli za uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, nilipata muda mrefu kuliko kawaida wa kuzifungua injini zote mbili hadi ndani, na ndipo nilipopima kila kifaa nilichokuwa nacho kwa kazi yake halisi.

Nianze na sanduku la spana lililokuja pamoja na boti. Lilikuwa sanduku la bei nafuu, zuri kwa macho, lenye vipande vingi vinavyong'aa. Soketi zake zilikuwa na pembe kumi na mbili kwa ndani, na ile ya milimita 12 ilicheza juu ya kichwa cha bolti kiasi cha kuonekana kwa macho. Kwenye injini hii, kasoro ya namna hiyo haivumiliki. Bolti za Kijapani zenye unene wa milimita 8 kwa kawaida huwa na kichwa cha milimita 12, wakati zile za mtindo wa Ulaya huwa na kichwa cha milimita 13. Zenye unene wa milimita 10 huwa na kichwa cha 14 kwa Wajapani, na 16 au 17 kwa Wazungu. Kwa hiyo seti iliyotengenezwa kwa kufuata magari ya Ulaya inaweza kuwa bora kabisa na bado ikakosa namba mbili unazozihitaji kila siku. Ukilazimisha 13 juu ya 12, pembe za bolti hulika, na bolti ya chuma iliyoshikana na alumini kwa miaka haitoki tena kwa spana. Inatoka kwa kutobolewa, na hiyo ni kazi ya karakana.

Nilichofanya ni kununua soketi moja moja: 8, 10, 12, 14 na 17, zote zenye pembe sita, pamoja na ringi spana za namba hizohizo. Baadhi nilizipata katika maduka ya Mwanga hapa Kigoma, na nyingine niliagiza Gerezani, Dar es Salaam. Kwa jumla nilitumia fedha zaidi ya bei ya sanduku zima, na sijutii hata shilingi moja. Soketi ya pembe sita hushika ubavu wa bolti badala ya ncha zake, na tofauti hiyo mkono unaihisi mara moja, hasa kwenye bolti za kifuniko cha silinda ambazo hukaa karibu na joto na huwa ngumu kufunguka.

Bisibisi ndiyo iliyonifundisha zaidi. Skrubu za kabureta za Yamaha zina alama ya msalaba, na mtu yeyote huchukua bisibisi ya nyota iliyo karibu na kuzungusha. Nilipokwenda Ujiji kumwona fundi mmoja wa siku nyingi kuhusu kabureta ya ile injini ya 15, baada ya shikamoo na marahaba aliniambia, "Hebu niletee hiyo bisibisi yako, mwanangu, niione." Akaisimamisha juu ya skrubu, akaniachia nitazame jinsi ncha ilivyoshindwa kufika chini ya msalaba. Kisha akanionesha kitone kidogo kwenye kichwa cha skrubu, ambacho mara nyingi ndicho alama ya kipimo cha Kijapani kinachoitwa JIS. Msalaba wa JIS hutaka ncha inayokaa hadi chini bila kusukumwa juu. Bisibisi ya kawaida ya nyota, yaani Phillips, ina ncha ya umbo jingine. Inapokazwa kwa nguvu hupanda na kutoka, na kila inapotoka hukwangua msalaba. Skrubu za shaba na za chuma laini ndani ya kabureta haziwezi kuvumilia hilo mara nyingi.

Niliagiza bisibisi mbili za Vessel, kampuni ya Kijapani, saizi namba 2 na namba 3. Mwanza, ambako injini za boti ni nyingi kwa sababu ya Ziwa Victoria, ndiko zilikopatikana kwa urahisi zaidi. Katika vifaa vyote ninavyoviandikia hapa, hizi ndizo nitakazozinunua tena kwanza iwapo sanduku langu litaibwa. Zinafanya kazi vizuri pia kwenye skrubu za pikipiki za Kijapani, jambo ambalo majirani zangu wa bodaboda wamekwisha kuligundua.

Kwa upande wa plagi, tatizo letu Kigoma ni kwamba spana za plagi zilizojaa madukani ni za pikipiki, nazo huwa za milimita 16 au 18. Plagi za NGK B7HS na B8HS zinazotumika kwenye injini hizi zina uzi wa milimita 14 na kichwa cha milimita 20.8, kwa hiyo huhitaji soketi ya 21. Soketi ndefu ya 21 iliyotengenezwa kwa ajili ya plagi, yenye mpira ndani wa kuishika, ni bora kuliko lile bomba la bati lenye tundu la kupitishia bisibisi, kwa sababu bomba huinama na kuvunja kauri nyeupe ya plagi. Plagi mpya huingizwa kwa vidole hadi ifike mwisho, kisha hukazwa kwa nusu mzunguko au zaidi kidogo, ili wosha yake ibane. Kwenye alumini, nguvu ya ziada haisaidii chochote na inaweza kung'oa uzi wa kichwa cha silinda. Nina pia fila geji, vibati vyembamba vya kupimia mwanya wa ncha za plagi. Plagi yenye namba 10 baada ya kistari, kama B7HS-10, imekusudiwa mwanya wa milimita 1.0, na ni vyema kuipima hata ikiwa mpya, kwa sababu huanguka na kugongwa njiani kabla ya kutufikia.

Gia boksi huhitaji vifaa viwili ambavyo watu wengi hapa hawana. Skrubu za kutolea na kuingizia oili ni pana zenye mfereji mmoja, na huwa zimekaza sana. Bisibisi nyembamba huubomoa ule mfereji. Dawa yake ni bisibisi ya kugonga, ile ambayo ukiipiga nyundo kwa nyuma hujizungusha yenyewe huku ikibaki imebana skrubu. Nilinunua yenye ncha pana kadiri ya mfereji, na imefungua kila skrubu niliyoipelekea. Kifaa cha pili ni pampu ndogo ya mkono, au hata chupa laini yenye mdomo mrefu, ya kuingizia oili ya gia ya SAE 90. Oili hii huingizwa kupitia tundu la chini hadi itokeze tundu la juu bila mapovu; ndipo skrubu ya juu inafungwa kwanza, halafu ya chini kwa haraka. Anayemimina kutoka juu hufungia hewa ndani na kudhani gia boksi imejaa. Wosha za skrubu hizo zibadilishwe kila mara, ni vitu vya bei ndogo mno. Na oili inayotoka ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameshaingia kupitia sili (mpira wa kuzuia maji), na kubadilisha oili peke yake hakutatui kitu.

Pula, yaani kifaa cha kung'olea flaiwili (gurudumu zito la juu ya injini), nimeichagua kwa umakini. Ile ya kucha tatu inayouzwa kwa mafundi wa magari haifai hapa: hushika ukingo wa flaiwili na kuivuta kwa nje, nayo inaweza kuipinda au kuipasua. Flaiwili ya Yamaha ina matundu matatu yenye uzi karibu na katikati, na pula sahihi ni kipande kizito cha chuma chenye bolti tatu za kuingia humo na bolti kubwa ya kusukuma katikati. Ukiikaza kisha ukagonga kichwa cha ile bolti kubwa mara moja kwa nyundo, flaiwili huachia. Unapoirudisha, hakikisha kifunguo kidogo cha nusu duara kimekaa mahali pake kwenye shafti, maana kikikatika muda sahihi wa plagi kutoa cheche hupotea na injini hukataa kuwaka au hurudisha kamba mkononi kwa nguvu.

Kuhusu impela, gurudumu la mpira la pampu inayosukuma maji ya kupoza injini, nitasema machache. Haihitaji kifaa cha pekee zaidi ya soketi nilizozitaja, grisi inayohimili maji, na mkono wenye subira wa kuizungusha shafti kufuata mwendo wa saa wakati nyumba ya pampu inateremka, ili mabawa ya mpira yalale upande unaostahili. Kule pwani mafundi husisitiza vifaa vya kuoshea injini kwa maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, kila baada ya safari, kwa sababu ya chumvi. Ziwa letu ni la maji baridi, kwa hiyo fedha hiyo nimeielekeza kwenye impela za akiba: kinachotumaliza hapa ni mchanga wa ufukweni, pale injini inapowashwa kwenye kina kifupi. Kwa majaribio nchi kavu ninatumia pipa lililojaa maji, na injini haiwashwi nje ya maji hata kwa sekunde chache.

Kifaa cha bei ndogo kuliko vyote ni jagi la plastiki lenye mistari ya mililita. Kitabu cha injini zangu kinaelekeza sehemu 50 za petroli kwa sehemu moja ya oili, yaani mililita 20 kwa kila lita, na kwa dumu la lita 20 ni mililita 400. Mwaloni kipimo cha kawaida ni chupa ya maji ya nusu lita inayomiminwa yote, na hapo mchanganyiko unakuwa 40 kwa 1: moshi unaongezeka, plagi zinachafuka, na oili ya TC-W3 (daraja la oili ya injini za boti), ambayo si rahisi, inapotea kila usiku. Wapo pia wanaopunguza oili kwa makusudi ili kubana matumizi. Hilo linanihuzunisha kila ninapoliona, kwa maana pistoni hukwama, na boti hubaki katikati ya ziwa lenye kina cha zaidi ya mita 1,400 ikiwa na watu ndani.

Spana ya kupimia nguvu ya kukaza ndiyo iliyonigharimu zaidi, na kwa mwenye injini moja ningesema aiazime. Hutumika hasa kwenye kifuniko cha silinda, ambapo bolti hukazwa kwa awamu mbili kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kitabu cha injini husika. Kwa kazi za kila mwezi haina nafasi kubwa.

Vifaa vinavyosafiri na boti nimevitenga na vile vya nchi kavu: soketi ya plagi na mpini wake, plagi mbili mpya, plaisi, ringi spana za 10 na 12, pini za propela, na kamba ya dharura ya kuwashia. Hukaa kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko, vikiwa vimefungwa kitambaa chenye oili kidogo, kwa sababu kwenye sanduku la chuma unyevu wa usiku huvipa kutu upesi.

Kilichobaki kwenye orodha yangu ni geji ya kupimia mgandamizo wa silinda, yenye uzi wa milimita 14. Kwa sasa ninaiazima kwa fundi wa pikipiki pale Gungu, naye ana adapta inayoingia. Kipimo hufanywa plagi zote mbili zikiwa zimetolewa, nyaya zake zikiwa zimegusishwa kwenye bodi ya injini, na mlango wa hewa wa kabureta ukiwa wazi kabisa. Ninachotazama ni tofauti kati ya silinda mbili kuliko namba yenyewe: zikikaribiana, ringi za pistoni bado ni nzima, na injini ya 40 inaweza kurudi majini giza litakaporudi.