Uzoefu wangu: Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, Posta ya Zamani

Abiria wengi wa boti za Zanzibar hulipita kanisa hili wakiwaza tiketi na mizigo tu. Kama bado una saa nzima mkononi kabla ya boti yako, ingia. Ni nyumba ya ibada, haina kiingilio, na kwa mwenye jicho la ujenzi ni kati ya majengo yanayofundisha zaidi hapa Dar es Salaam.

Kwa mabasi ya mwendokasi, panda gari la Kivukoni ushuke Posta ya Zamani, mnara hautakupotea. Usikimbilie mlango. Vuka kwanza Barabara ya Sokoine, usimame upande wa bandari, maana ukiwa chini ya ukuta huwezi kuona jinsi mnara ule uliochongoka unavyokaa juu ya jengo zima.

Lilijengwa kati ya 1897 na 1902 na wamisionari wa Kijerumani. Hao walikuwa Wabenediktini wa St. Ottilien, watawa Wakatoliki, walioanzia Pugu mwaka 1888, kituo chao kikashambuliwa Januari 1889 wakati wa vita vya Abushiri, watu wa pwani walipowapinga Wajerumani, kisha wakajikita mjini. Mwaka 1902 Cassian Spiss akawa askofu wao. Agosti 1905 akauawa kusini, Maji Maji ikiwa imewaka. Ukiwa na hayo kichwani, maandishi ya Kijerumani yaliyobaki ndani hayaonekani tena kama mapambo tu. Dar es Salaam ikawa jimbo kuu la Kikatoliki 1953, chini ya Edgar Maranta, na baadaye Kardinali Laurean Rugambwa akaliongoza kuanzia 1968 hadi 1992.

Ndani, anza na dari. Mtindo ni wa Kigothi, ule uliofufuliwa Ulaya karne ya 19, na siri yake iko kwenye tao lenye ncha. Tao la duara husukuma kuta kwa nje sana. Lenye ncha huteremsha sehemu kubwa zaidi ya uzito moja kwa moja chini. Chagua mstari mmoja wa tao, uufuate kwa macho kutoka kileleni hadi unapotua kwenye nguzo. Ukishafanya hivyo mara moja, jengo lote linasomeka.

Kisha sogea mbele uangalie vioo vya rangi nyuma ya altare kuu, na mchongo ulio juu ya altare yenyewe. Hapa ndipo simu nyingi hushindwa: vioo vinang'aa, ukumbi una kiza, kwa hiyo picha hutoka na vioo vyeupe pee au na kanisa jeusi tii. Gusa dirisha la vioo kwenye skrini, punguza mwanga, piga. Halafu piga nyingine ya ukumbi peke yake. Flashi izime, haisaidii kitu kwa umbali ule, na inaudhi wanaosali. Omba ruhusa kwanza.

Anayependa kujua magonjwa ya majengo ya kale ya pwani atazame sehemu mbili popote anapokwenda mjini. Moja ni miguu ya kuta. Ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa hunyonya maji kutoka ardhini na kuyapumua taratibu. Fundi akiupiga lipu ya saruji, unyevu hunaswa, chumvi hutoka, na rangi hubanduka hata ipakwe upya kila mwaka. Ya pili ni vyuma vinavyoshikilia vioo vya rangi. Hewa ya bahari huvipa kutu, kutu hutanuka, na kinachopasuka ni kioo au jiwe la pembeni, wakati chuma chenyewe bado kimesimama.

Nenda siku ya kazi, baada ya misa ya asubuhi. Jumamosi kuna uwezekano wa harusi, na Jumapili njoo kusali, siyo kutalii. Mabega na magoti yafunikwe. Wanaume, kofia mkononi.

Ukitoka, tembea dakika chache hadi Azania Front, kanisa la Walutheri la miaka hiyohiyo, lenye vigae vyekundu. Ni zuri kwa nje kuliko hili, nakiri. Kwa ndani, Mtakatifu Yosefu halina mpinzani pale mjini. Kanisa hili nalipatia nyota nne. Ya tano imechukuliwa na honi za Sokoine, ambazo haziheshimu hata saa ya sala.