Picha za setilaiti za Sentinel-2 kwa anayefuatilia mikoko ya Tanga

Kwa yeyote anayefuatilia hali ya pwani ya Tanga, awe mwalimu wa jiografia, mwanakikundi wa kulinda mikoko au mvuvi anayetaka kujua mafungu ya mchanga yamehama vipi, tovuti ya Copernicus Browser inastahili kujulikana kuliko inavyojulikana sasa. Humo zimo picha za setilaiti za Sentinel, mradi wa Umoja wa Ulaya unaotekelezwa pamoja na Shirika la Anga za Juu la Ulaya. Kutazama ni bure. Kupakua faili kamili kunahitaji kujisajili, nako hakulipiwi.

Mimi hutumia zaidi Sentinel-2. Setilaiti ya kwanza ya jina hilo ilirushwa Juni 2015 kutoka Kourou, Guiana ya Ufaransa, ya pili Machi 2017, ya tatu Septemba 2024, na mbili zikiwa kazini eneo moja hupigwa picha kila baada ya siku 5, kutoka kimo cha kilomita 786. Kamera yake husoma bendi 13 za mwanga, nne kati ya hizo zikiwa na pikseli, yaani vidoa vinavyounda picha, za mita 10 kwa 10. Kwa kipimo hicho usitarajie kuona ngalawa. Utaona mashamba ya mkonge yaliyokatwa vipande vilivyonyooka, Kisiwa cha Toten mbele ya bandari, na tope ambalo Mto Pangani hulisukuma baharini baada ya mvua kubwa.

Thamani yake hasa imo kwenye mikoko. Majani mabichi hurudisha kwa wingi mwanga wa infraredi, ambao macho yetu hayauoni, na ukichagua mpangilio wa rangi bandia mikoko hutokea nyekundu iliyokoza kando ya maji meusi, hata sehemu iliyofyekwa kupisha mashamba ya chumvi huonekana wazi kama pengo la jino. Hata hivyo pikseli moja ni mita za mraba 100, kwa hiyo mkataji anayechomoa mti mmoja leo na mwingine wiki ijayo hataonekana mpaka uharibifu uwe mkubwa. Doria ya miguu bado inahitajika, na anayedai kwamba picha hizi zinaitosheleza kazi hiyo anawapotosha wanavijiji.

Jambo moja wageni wa huduma hii hulisahau ni maji kujaa na kupwa. Setilaiti hupita Tanga kati ya saa nne na saa tano asubuhi, na siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, maji ya pwani yetu hupwa karibu na saa hizohizo, hivyo miamba na mafungu huanikwa. Picha ya siku za maji mafu, yanapopwa kidogo tu, itaonyesha sehemu ileile ikiwa imefunikwa. Ukilinganisha picha mbili za namna hiyo utadhani ufukwe umeliwa na bahari, kumbe hakuna kilichobadilika. Chagua tarehe ambazo mwezi wa angani una umri mmoja, ndipo ulinganishe mwaka na mwaka.

Kasoro kubwa ni mawingu. Kuanzia Machi hadi Mei, wakati wa masika, picha nyingi huwa nyeupe tupu, na ndicho kipindi ambacho mito hubeba udongo mwingi zaidi. Hapo hamia Sentinel-1, ambayo hutumia rada na kuona kupitia mawingu, usiku na mchana. Picha zake ni za kijivu na huhitaji mazoezi kuzisoma: maji tulivu huwa meusi, mikoko hung'aa. Tumia kompyuta badala ya simu, kwa sababu kioo kidogo hukunyima mipaka ya msitu, na hiyo mipaka ndiyo unayoitafuta.