"It" ya 1927: Niacheni Nirudie Hapa Kwenye Mkasi

Wadau, karibuni! Leo ni filamu bubu, na nakuomba usiikimbie. Inaitwa "It", ya mwaka 1927, kutoka Paramount, nyota ni Clara Bow. Muuza duka, Betty Lou, anampenda bosi wake, tajiri mwenye duka. Stori unaijua, tusonge.

Ninachotaka uone ni hiki. Ngoja nirudishe nyuma... hapo! Betty Lou kaalikwa chakula cha usiku, naye kachagua Ritz, hoteli ya kifahari, maana anajua bosi atakuwepo. Gauni la kutokea hana. Ana hilo hilo la kazini lenye kola nyeupe. Sasa tazama mkasi unavyoingia, gauni likiwa mwilini! Kola inaondoka, shingo inashuka, na yeye hatulii hata sekunde. Halijasemwa neno, lakini mfuko wake umeshauona, na hamu yake umeshaiona. Nani hajawahi kuazima viatu vya kwendea harusi? Chaplin tunamsifu kila siku, sawa, anastahili. Huyu dada mbona hatumtaji?

Imetokana na riwaya fupi ya Elinor Glyn, na mwandishi mwenyewe anatokea humo, anamweleza bosi "It" ni nini: ule mvuto ambao mtu anao bila kuutafuta. Ila kitabuni usitafute stori hii. Walichukua wazo tu, na mimi nasema wamefanya vizuri.

Anayeniudhi ni bosi! Betty anadai mtoto wa mwenzake ni wake, ili mwenzake asinyang'anywe. Bosi anasikia, anaamini, hamuulizi hata swali moja. Halafu anamletea habari za almasi bila ndoa! Nilitaka kuipa nane kwa kumi kwa sababu yake. Lakini Betty anavyomkatalia pale... hapana, tisa. Na yule mwandishi wa habari anayepita haraka ni Gary Cooper, kabla hajawa jina kubwa.

Bei? Marekani hakimiliki yake iliisha 2023, kwa hiyo ipo bure, ni bando lako tu, dakika kama 72. Nakala nyingine zimebandikwa muziki wowote tu. Ukikukera, zima sauti.

Mlionilalamikia kuhusu mwangwi wiki iliyopita, maikrofoni mpya ndiyo hii. Wiki ijayo ni Mary Pickford, "Daddy-Long-Legs" ya 1919, nayo imetoka kwenye riwaya, kwa hiyo bonyeza kengele.

Haya, narudia mara ya mwisho. Safari hii uache mkasi, mwangalie macho.