Walimkata Shangazi Lucy: uzoefu wangu na Paddington 2 ya kutafsiriwa

Naandika nikiwa bado na hasira, na sitaki zitulie kwanza, maana zikitulia nitaanza kuwaonea huruma na sitasema ninachotaka kusema.

Mtaani kwetu kuna banda la muvi, hawa wanaokurushia kwenye flashi unaenda zako. Jina lao silitaji. Nilitaka kitu cha kuangalia na wanangu wikendi, kisicho na bunduki wala matusi, nikaulizia Paddington 2, ile muvi ya dubu mdogo anayeitwa Paddington. Kijana akapekua kwenye kompyuta yake, akaniambia, "Ipo maza, tena imetafsiriwa, watoto wataelewa kila kitu." Nikafurahi kwelikweli. Ile muvi ya mwongozaji Paul King ya mwaka 2017 naijua, niliwahi kuiona kwa dada yangu, na tangu siku ile nilikuwa na hamu wanangu nao waione wakiwa bado wadogo. Kingereza chao ni cha shule tu, hakitoshi kucheka nacho. Kwa hiyo toleo la Kiswahili kwangu lilikuwa neema.

Tumekaa, nimewasha, muvi inaanzia London. Dubu keshavaa koti lake la bluu na kofia nyekundu, yuko mtaani anasalimia majirani. Nikadhani flashi imeruka, nikarudisha nyuma. Hakuna nyuma. Ndipo nilipoelewa kwamba wamekata mwanzo wote, Peru yote, na mto wote.

Kwa ambaye hajaiona, nimweleze kilichokuwepo pale. Muvi halisi inaanzia kwenye daraja la kamba juu ya mto wenye maji makali. Shangazi Lucy na mumewe, Pastuzo, dubu wawili wazee, wamejiandaa kwenda London, mji ambao wameusoma na kuuota miaka yote. Mara wanaona kitoto cha dubu, ndiye Paddington mwenyewe, kinachukuliwa na maji kuelekea kwenye maporomoko. Mume anamshusha mkewe kwa kamba, yule mama ananing'inia juu ya maji, anakikosa, kinazama, anazamisha mkono, anakitoa. Akishakishika tu, anamwambia mumewe kwamba safari ya London imeishia hapo, sasa wana mtoto wa kulea. Basi, ni kipande kifupi sana. Lakini muvi nzima imelala juu ya kipande hicho. Yule mama alikuwa na ndoto moja, akaiacha kwa ajili ya mtoto asiyemjua, wala hakulalamika.

Sasa utaelewa kwa nini, baadaye, Paddington akikiona kile kitabu cha picha zinazosimama kwenye duka la vitu vya kale la bwana Gruber, anakitaka kama roho yake. Shangazi anakaribia kutimiza miaka 100. Hakufika London. Basi London itamfuata yeye, kwenye kurasa. Kuna sehemu dubu anamwona shangazi yake ndani ya kitabu, wanatembea pamoja kwenye mitaa ya karatasi, anamwonyesha mji. Mimi nilipoiona kwa mara ya kwanza nilishindwa kuongea. Wanangu walipoiona wakauliza, "Mama, huyu ni nani?" Wakamwona dubu mzee tu anatembea kwenye makaratasi. Mtafsiri naye, yule anayeongea juu ya muvi, badala ya kuwaambia, akasema hapo steringi anaota ndoto za mchana, akaendelea na salamu zake kwa washkaji.

Hiyo ndiyo hasira yangu. Hawa wanaotafsiri wanaamini muvi za familia ni vituko tu. Watoto wacheke, basi. Na ni kweli vituko vimo, tena vya kuvunja mbavu. Dubu anapata kibarua kwa kinyozi, mashine inamtetemesha mwili mzima, anamnyoa mteja mstari katikati ya kichwa, na mteja huyo anakuja kuwa ndiye hakimu wa kesi yake. Anafungwa miaka 10 kwa wizi wa kitabu alichokuwa anakusanya pesa akinunue! Watoto walicheka hadi wakajilaza sakafuni. Lakini angalia jinsi kituko kilivyowekwa. Kile kichwa kilichonyolewa ndicho kinachofunga mlango wa gereza. Muvi hii haina mzaha unaopita bure, kila ulichochekea mwanzo kinarudi baadaye kukudai.

Niwape mfano mwingine, maana huu nao waliuharibu. Mwanzoni tunapitishwa haraka haraka nyumbani kwa akina Brown, familia anayoishi nayo Paddington London. Baba ameanza mazoezi ya kunyoosha viungo kwa sababu uzee unamtisha. Mama anajifunza kuogelea, anataka kuvuka bahari hadi Ufaransa. Kijana anapenda treni za mvuke lakini shuleni anaona haya kusema. Binti ana gazeti lake. Ukiangalia kijuujuu utasema ni utani wa kututambulisha familia. Sasa nenda mwishoni, kwenye treni mbili zinazokimbizana: kijana ndiye anayeendesha mojawapo, baba anabaki mguu mmoja huku na mwingine kule, amechanuka katikati ya mabehewa, na mama anajitosa majini kumfuata dubu aliyefungiwa ndani ya behewa lililozama. Kila mmoja anafika mwisho akiwa na kile kitu kidogo tulichokicheka. Katika toleo nililouziwa, kile kipande chote cha nyumbani mtafsiri alikitumia kutangaza namba za simu za banda lake. Kwa hiyo mama alipojitosa majini, mwanangu mkubwa akaniuliza mbona huyu mama hajafa, amejua lini kuogelea? Swali la haki kabisa! Mtoto wa darasa la nne ameona tundu ambalo mtu mzima mwenye maikrofoni hakuliona.

Hata bibi zetu, ambao hawakusoma popote namna ya kupanga kisa, hawakuwahi kuruka kutoka "Paukwa! Pakawa!" hadi Sungura yuko juu ya mti. Walianza na njaa, au na ahadi, au na mtoto yatima, ukajua unamhurumia nani kabla ya kucheka.

Nilirudi bandani kesho yake. Nikamweleza kijana kwa upole, bila kelele, kwamba muvi yake haina mwanzo. Akanijibu huku macho yako kwenye simu: "Maza, ule mwanzo hauna mambo. Wenyewe wanakata ili isichoshe. Si watoto wamecheka?" Nikamwambia, "Mdogo wangu, wamecheka, ila mwisho hawakulia." Akaniangalia kama nimechanganyikiwa. Akasema, na hapa ndipo aliponiudhi kabisa, "Kwani ulitaka walie?"

Ndiyo, nilitaka walie. Nilikuwa nimekaa nao pale kusudi tulie pamoja, halafu tucheke, halafu tule. Muvi ya kuchekesha ya watoto isiyokufikisha mahali pa kulia imekucheza shere, na hii haikuwa hivyo, hii ilifanywa iwe hivyo na mtu mwenye mkasi.

Tena wamekata hata uchungu wa katikati, ingawa hawakuigusa picha yenyewe. Dubu yuko gerezani, familia imekosa kuja siku ya kutembelewa kwa sababu walikuwa wanamsaka mwizi wa kweli, yule mwigizaji aliyechuja, Phoenix Buchanan. Yeye hajui. Anaamini wamemsahau. Usiku ule msitu wa Peru unaota ndani ya selo yake. Mwenye kukumbuka daraja anajua anarudi wapi kimawazo na kwa nani. Wanangu waliona miti tu. Walidhani gereza limeingiwa na mizimu.

Sasa nifike mwisho, ingawa naogopa kuwaharibia ambao hawajaiona. Aliyekusudia kuiona aruke aya hii. Dubu ameponea chupuchupu, ameugua, anaamka na siku ya kuzaliwa ya shangazi imefika. Kitabu kimechukuliwa na polisi kama ushahidi. Hana zawadi, na hajawahi kumuudhi shangazi yake maishani, sasa anaona amemwangusha. Majirani wamejaa nyumbani, wale wote aliowafanyia wema mdogo mdogo: daktari Jafri aliyekuwa akikumbushwa funguo zake kila asubuhi, yule kanali mpweke aliyesafishiwa madirisha mwanga ukaingia, na wengine. Wamechangiana. Kengele ya mlango inalia. Dubu anafungua, na aliyesimama pale ni Shangazi Lucy mwenyewe, London, kwa miguu yake. Yule aliyeiacha safari pale darajani, safari imemfikia, tena imelipiwa na watu asiowajua, kwa sababu ya yule mtoto aliyemtoa majini. Paddington anamtakia heri ya kuzaliwa, wanakumbatiana, imeisha. Hakuna hotuba.

Katika toleo langu mtafsiri alisema: na hapo mgeni kutoka porini kaja kumtembelea steringi wetu, kama umeipenda karibu bandani. Juu ya kumbatio lile! Akaweka na muziki wake. Mwanangu wa mwisho akauliza kama naweza kuweka katuni nyingine.

Niliumia. Najua kuna shida kubwa kuliko hii duniani, lakini niliumia.

Nisiwe mtu wa kuchukia kila kitu, kuna jambo lazima nilikiri juu ya yule mtafsiri: ana kipaji. Sehemu ya gereza alinishinda. Kuna yule mpishi mbabe, Knuckles, ambaye wafungwa wote wanamwogopa, hadi dubu anamlisha mkate wenye mamaledi, ile jamu ya machungwa, na jeuri yote inayeyuka. Mtafsiri alimpa sauti ya konda wa daladala aliyeamka vibaya, na mbabe alipoonja ile mamaledi sauti ikaanza kulegea kidogo kidogo, neno kwa neno, hadi ikawa ya mtoto. Kwa kweli alikuwa ameielewa ile sehemu kuliko mimi. Nilikuwa sijaona kwamba yule mbabe habadilishwi na hotuba wala kipigo, anabadilishwa na mtu mmoja ambaye hakumwogopa ipasavyo. Paddington mwenyewe habadiliki hata chembe kutoka mwanzo hadi mwisho, wanaobadilika ni waliomzunguka. Hilo amenifundisha huyuhuyu ninayemlaumu. Soksi nyekundu ilipoingia kwenye nguo za kufuliwa za gereza na sare zote zikatoka za waridi, alinyamaza kabisa akaacha picha iongee. Kumbe anajua kunyamaza! Basi kwa nini asinyamaze pale mlangoni?

Nilikuwa nimepanga kusema msinunue. Sasa najikuta natamani kumjua alipo nimshike mkono, kisha nimgombeze.

Hatimaye dada yangu alinitumia nakala kamili ya Kingereza. Nikaiweka, nikawa natafsiri mwenyewe. Sina kipaji, sauti yangu ni moja kwa wote, Knuckles na hakimu wanaongea sawasawa. Tulipofika mlangoni sikusema kitu. Yule mdogo aliyetaka katuni nyingine akasema, "Ni yule wa kwenye mto," akaanza kulia, na mkubwa wake akajifanya anatafuta rimoti chini ya kochi kwa muda mrefu.

Kwa hiyo mkiniuliza kama toleo lile linafaa, jibu langu jana lilikuwa halifai hata bure. Leo nasema kwa ajili ya gereza tu linafaa, na kwa mtoto ambaye keshaiona nzima litamfurahisha sana. Kwa mtoto anayeiona mara ya kwanza, hapana, tena hapana kubwa. Mwombeni muuzaji aifungue mbele yenu kabla hamjalipa. Mkiona mto na daraja la kamba, chukueni. Mkiona London, ondokeni.

Na wewe kijana wa bandani, kama unasoma hapa: nirudishie daraja langu na unyamaze pale kengele inapolia. Ukifanya hayo mawili nakuja kununua upya siku hiyohiyo, na nakuletea watoto wa mtaa mzima.